Geti la Milly

Mtu akinywa gundi akidhani ni uji, hasira yake ina haki kidogo. Sajini Semei Wamboga alikuwa ametoka lindo la usiku, njaa imemkaba. Akakuta sufuria jikoni, akajimiminia kikombe, akaongeza sukari, akapiga mafunda mawili makubwa. Mkewe Milly aliporudi kutoka bombani alimkuta amesimama mlangoni, kikombe mkononi, midomo imeanza kushikana.

"Mama Brendah, hii uji ya namna gani?"

"Banange! Baba Brendah, hiyo si uji. Hiyo gundi ya unga, ya geti."

"Geti gani?"

"Geti ya kanisa."

Semei akaweka kikombe chini polepole, kama askari anayesalimisha silaha. Akaangalia ndani. Kiti chake cha sebuleni kilikuwa kimejaa maboksi yaliyokatwa vipande, na meza ilikuwa imefunikwa magazeti na rangi. Hapakuwa na mahali pa kuketi mtu mwenye cheo.

Milly hakuwa mchafu wala mvivu. Ndiye aliyekuwa akitengeneza jukwaa la kanisa la kambi yao ya askari magereza hapo Jinja. Kila Agosti, Mchungaji Yekosofati huja kutoka kanisa lake la Malukhu, Mbale, akahubiri mfululizo wa Jumapili nne juu ya jambo moja. Yeye hutuma kichwa cha mahubiri kwa simu, na Milly hukigeuza kikawa kitu cha kuonekana kwa macho. Mwaka huu kichwa kilikuwa Mlango Uliofunguliwa.

"Sasa mimi nashinda na geti, nalala na geti," Semei akasema huku akijifuta midomo. "Jumapili nikienda kusikia neno ya Mungu, nikute geti tena?"

"Ndiyo sababu."

"Sababu gani?"

"Mtu wa kambi ukimwambia mlango, yeye anaona nini kichwani? Anaona geti. Ukimwambia imefunguliwa, anashtuka. Mimi nataka ashtuke."

Semei alikwenda kusukutua mdomo, na kwa kweli alisukutua muda mrefu.

Kamati ya kanisa ilikaa kesho yake jioni. Mwenyekiti alikuwa Kagoya, mama mnene mwenye duka la vinywaji nje ya kambi, mtu wa kutoa sana na kukumbusha sana. Aliipitisha simu yake mkono kwa mkono. Ndani yake kulikuwa na picha ya mlango mweupe umesimama juu ya mawingu, ngazi za dhahabu mbele yake, maua ya waridi huku na huku.

"Hii inachapishwa mjini, kubwa, inajaza ukuta mzima," alisema. "Makanisa ya Kampala yote iko hivi. Sisi tumechoka na maboksi. Mwaka jana mgeni aliniuliza kama tunahama."

Watu wakacheka. Milly alikuwa amekuja na kipande chake cha mfano, chuma kimoja cha geti kilichotengenezwa kwa karatasi, amekizungushia khanga. Hakukifungua.

"Mama Kagoya," alisema, "huu mlango ni ya nani?"

"Ya mbinguni."

"Mimi sijafika huko. Nani hapa kambini iko na mlango kama hii? Hata Afande Douglas mlango yake iko na kutu."

Afande Douglas, mkuu wa gereza na mlezi wa kanisa, ambaye kutu hiyo ilikuwa mlangoni kwake, akakohoa. Kisha akacheka, na kwa kuwa mkubwa amecheka, wengine nao wakapata ruhusa. Kagoya hakucheka.

"Kale, sawa. Tumpe Jumapili moja," akasema. "Ya kwanza. Watu wakicheka hiyo geti, natundika picha yangu, na kazi ya jukwaa inatoka kwako, Milly. Si kwa mwaka huu tu. Inatoka."

Akafungua pochi hapo hapo mbele ya watu, akatoa noti ya elfu ishirini, akainyoosha hewani ili kila mtu aione vizuri.

"Na risiti ulete. Hata ya unga. Watu wanakulaga unga ya kanisa."

Milly aliipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kama alivyolelewa kwao Buwenge. Masikio yalikuwa yanawaka moto. Alitaka kusema kwamba kama kuna aliyekula unga huo, basi alikuwa sajini mmoja na hakuufurahia, lakini aliyameza maneno hayo. Maneno mengine ni ghali kuliko noti.

Duka la Magid liko barabara kuu ya mjini Jinja, vitenge vimening'inia hadi nje. Vitambaa huja vimevingirishwa kwenye mabomba magumu ya karatasi, na kitambaa kikiisha, bomba hutupwa. Milly ndiye mtu pekee mjini aliyeyahesabu mabomba hayo kuwa mali.

"Mama wa maboksi, karibu," Magid alisema, akishuka kwenye kigoda chake. "Safari hii mnajenga nini? Mwaka jana ilikuwa tumbo la samaki. Mpaka leo wenzangu msikitini wananiuliza kama ni kweli Nabii Yunus alimezwa na kitambaa changu cha buluu."

"Mwaka huu ni geti ya gereza, Mzee Magid."

"Geti? Kambi nzima ya magereza, mnakosa geti?"

"Ile ya kweli hawawezi kunipa Jumapili."

Magid alicheka mpaka akakohoa. Akaingia nyuma ya duka, akatoka na mabomba kwapani, akarudi kuleta mengine. Alikataa pesa. Milly akamwomba risiti. Magid akamtazama kuona kama anatania, akaona hatanii, na mzaha ukamtoka usoni. Aliona aibu kwa niaba ya huyo aliyemtuma.

"Mama, nikuandikie risiti ya kitu cha bure?"

"Niandikie, mzee wangu. Nitaulizwa."

Akaandika sifuri, akapiga muhuri kwa nguvu. Kisha akamfungia mabomba kwa kamba, yeye mwenyewe, akamsimamishia boda.

Kambini habari zilitangulia. Pale Semei alipokuwa akipokezana zamu, wenzake walimwita Bwana ya Maboksi. Mmoja alimwuliza kama ni kweli nyumbani kwake wanalala wamefunikwa katoni. Semei alicheka nao, maana asiyecheka hutaniwa zaidi, lakini alirudi nyumbani uso umekunjamana.

"Sikiliza, Mama Brendah. Hii ya mwaka huu fanya. Lakini watu wakicheka, uache. Usingoje Kagoya akufukuze. Uache wewe mwenyewe. Mimi niko na jina hapa."

"Na mimi?"

"Wewe nini?"

"Mimi niko na jina gani hapa, Baba Brendah? Mke ya sajini. Kabla ya hapo, binti ya fulani. Hiyo jukwaa ndiyo kitu moja watu wanasema, Milly alifanya."

Semei alikuwa anavua viatu. Aliendelea kuvua, ingawa kiatu cha pili kilimchukua muda kuliko kawaida.

"Wakicheka, nitaacha," Milly akasema.

Tangu hapo alifanya kazi kama mtu aliyewekwa rehani. Mabomba ya Magid yakawa nondo, zikasimama ndani ya fremu ya miti ya kalitusi. Maboksi yakawa mabati na bawaba. Tangazo la simu nalo alilitengeneza mwenyewe, picha ya nondo zake na mwanga katikati, maneno machache juu, akalituma kwa kina mama wote wa kambi. Kitu kimoja tu kilimshinda. Geti lilikuwa linaonekana jipya, na jipya lilikuwa linaonekana la uongo.

"Geti ya kazini inazeeka wapi?" alimwuliza mumewe.

"Mambo ya geti ni siri ya kazi."

"Sikuulizi inafungwa namna gani. Nauliza inazeeka wapi."

Semei alikuwa amelala chali kwenye mkeka, mkono juu ya macho. Akafikiri. Hakuna mtu aliyewahi kumwuliza habari ya kazi yake kwa namna hiyo.

"Juu haizeeki," akasema mwishoni. "Juu rangi inakaa tu. Inazeeka pale mikono inashika. Hapa usawa ya kifua. Inang'aa kama sufuria. Na chini, pale kiatu inasukuma, wakati mikono imejaa."

Milly aliinuka hapo hapo. Alikwangua rangi usawa wa kifua, akasugua mahali hapo kwa risasi ya penseli na rangi ya viatu ya mumewe mpaka karatasi ikatoa mng'ao wa chuma kilichoshikwa na watu wengi, kwa miaka mingi, wengine wakiingia na wengine wakitoka. Alirudi nyuma hatua chache akaitazama kazi yake, na mwili ukamsisimka. Alijua ni nzuri. Kuna wakati fundi anajua, hata kama hakuna mwingine aliyeona.

Kufuli alilotengeneza kwa boksi lilifanana na biskuti, akalitupa. Akatundika kufuli la kweli.

Mchungaji Yekosofati alifika Jumamosi jioni kutoka Mbale, mwembamba, mcheshi, amebeba ndizi za zawadi. Alilala palepale kanisani kama ilivyo desturi yake, katika chumba cha nyuma ya jukwaa, kilichokuwa stoo zamani na hakina njia nyingine ila kupitia jukwaani. Milly alikuwa amesimamisha geti lake mbele ya njia hiyo. Mpango ulikuwa hivi: wimbo wa tatu ukiisha, mchungaji atalisukuma geti kutoka ndani na kutoka mbele ya watu, na litabaki wazi kwa Jumapili zote nne. Geti aliliacha limeegeshwa tu, kufuli linaning'inia, ufunguo ndani yake.

"Pitia kanisani asubuhi ukitoka lindo," alikuwa amemwambia Semei. "Uniangalilie. Wewe ndiye unajua."

Asubuhi Semei akarudi nyumbani kuoga, akamkuta mkewe anapiga pasi gomesi, vazi lake la Jumapili.

"Umepita?"

"Nimepita."

"Umeiona?"

"Nimeiona."

"Iko namna gani?"

Semei alikuwa anatafuta sabuni. "Iko geti," akasema, akaenda zake bafuni.

Milly akabaki na pasi mkononi. Kazi yote ile, na maneno mawili! Alijiambia ni uchovu wa lindo, lakini yalimuuma kweli kweli.

Kanisa lilijaa, wengine wakasimama madirishani. Ni geti lililowaleta. Wakiingia walinyamaza kidogo, halafu wakanong'onezana. Milly alikuwa ameketi benchi la tatu, na aliinua macho akalitazama vizuri. Geti lilikuwa limefungwa barabara. Kufuli limebanwa. Ufunguo haupo.

Akamwambia jirani yake, jirani akamwambia mwingine, na wimbo wa tatu ukaisha. Mchungaji akatokea nyuma ya nondo amevaa koti lake jeupe, Biblia kwapani, akasukuma. Geti likatikisika, halikufunguka. Akasukuma tena kwa adabu. Kisha akasimama, mikono kwenye nondo, akawatazama watu, na watu wakamtazama.

Kicheko cha kwanza kilitoka nyuma kabisa, kikatambaa hadi mbele.

"Milly!" Kagoya alikuwa ameshasimama. "Ufunguo iko wapi?"

"Sijui, mama. Niliacha kwa kufuli."

"Hujui! Mgeni ametoka Mbale, umemfungia kama kuku, na hujui!" Akatoka kwa haraka, na kila mtu alijua anafuata picha yake ya mawingu, maana aliichapisha bila kungoja.

Afande Douglas akainuka katika kiti chake cha mbele. "Mchungaji, wewe uko sawa huko?"

"Niko sawa, Afande. Nilisikia mtu ananifungia asubuhi nikiwa kwa maombi. Nilidhani ni programu ya dada Milly, nikanyamaza."

Kanisa zima likaangua kicheko. Milly alisimama, akaketi tena. Alikuwa ameahidi. Wakicheka, nitaacha. Wamecheka.

"Haya, vunja," Afande akasema. "Ni boksi tu. Vijana wawili hapa."

Askari wawili wakaanza kukunja mikono ya shati. Hapo ndipo Semei, ambaye alikuwa anacheka kidogo pamoja na wenzake ili asichekwe, alipotia mkono mfukoni bila kujua kwa nini. Mfuko ulikuwa mtupu. Na mkono ukamkumbusha. Alikuwa ameingia kanisani alfajiri, usingizi machoni, akaona geti limeachwa wazi na mtu ndani. Mkono haukumwuliza. Ulifunga, ukabana kufuli, ukavuta mara mbili kuhakikisha, ukachomoa ufunguo. Kisha akaendelea hadi langoni kukabidhi zamu, akamwaga funguo zote mezani kama sheria inavyotaka, pamoja na huo mmoja wa geti la karatasi.

"Afande," akasema.

"Nini, Sajini?"

"Ni mimi nimefunga."

Kicheko kikaanza upya, na wenzake wa zamu ndio walioongoza. Semei akaacha kicheko kipite. Alikuwa amenyooka kama yuko gwaride.

"Kwa nini umefunga?"

"Nimekuta geti iko wazi, Afande. Na mtu iko ndani."

Afande Douglas aliitikia kwa kichwa. Ni jibu ambalo yeye mwenyewe, kwa miaka, amewadai askari wake.

"Basi ufunguo iko kwa lango. Mbali. Vunja tu, tuendelee."

"Hapana, Afande."

Hakuna aliyecheka sasa. Sajini hamwambii mkuu wa gereza hapana, achilia mbali mbele ya wake na watoto.

"Geti haivunjwi, Afande," Semei akasema. "Geti inafunguliwa na ufunguo. Naomba ruhusa nilete."

Afande akamtazama Semei. Akageuka akalitazama geti, safari hii kwa jicho la kazi: bawaba, nondo, pale pa kushika palipong'aa usawa wa kifua, pale chini palipochubuliwa na viatu.

"Ruhusa," akasema. "Mbio."

Semei akakimbia, koti la Jumapili likipepea. Kina mama wakaanzisha wimbo wakauvuta, wakaurudia, mchungaji akiitikia kutoka gerezani mwake. Kagoya akarudi na picha yake imevingirishwa begani, akakuta hakuna aliyevunja kitu. Akauliza wanangoja nini. Mzee mmoja, askari mstaafu, akamwambia kaa chini, mama, ufunguo unakuja.

Semei aliporudi jasho lilikuwa linamchuruzika. Alifungua kufuli, akavuta, na geti likaachia kwa mkwaruzo mdogo. Lakini hakukaa. Aligeukia watu. Semei hakuwahi kusema neno kanisani zaidi ya Amina.

"Mimi mnaniita Bwana ya Maboksi," akasema. "Kweli. Hii ni boksi. Mimi nililala karibu nayo, nilikunywa mpaka gundi yake. Nilijua ni boksi. Lakini asubuhi nimefunga. Mimi nimefanya kazi ya geti tangu ujana, na mkono yangu haijafunga kitu ambayo si geti. Hii mkono haidanganywi. Mke yangu ameidanganya." Akatafuta neno, akalipata. "Milly amefanya. Hiyo ni kazi ya Milly."

Milly alilia hapo hapo mbele ya watu wote, wala hakujificha. Alikuwa amefurahi mpaka kifua kinamuuma.

Mchungaji Yekosofati akatoka, akasimama mbele ya geti lililo wazi.

"Leo nilitaka kuwaambia kwamba Mungu akifungua mlango, hakuna mwanadamu anayeweza kuufunga," akasema. "Sikuwa nimekutana na Sajini Semei."

Vicheko vya safari hii vilikuwa vya aina nyingine. Kisha akahubiri, na alihubiri vizuri, lakini hakuhitaji kueleza mengi. Kila mtu alikuwa ameuona mlango ukifungwa na ameuona ukifunguliwa.

Mwishoni akawaalika wanaotaka kuombewa wapite getini. Askari walipita mmoja mmoja, na hakuna aliyepita bila kuligusa usawa wa kifua, kwanza kwa udadisi, halafu kwa kucheka peke yake. Afande Douglas aliligonga kwa kidole, likatoa sauti ya karatasi, akatikisa kichwa. Kagoya alikuja na picha yake bado begani. Alisimama mbele ya Milly, anahema.

"Hizo Jumapili tatu zingine," akasema, "fanya wewe." Na kwa mtu wa aina yake, hayo yalikuwa mengi.

"Na Krismasi anakuja kwetu Malukhu," mchungaji akadakia kutoka nyuma. "Nitaomba kwa bwana yake."

"Usiniombe mimi," Semei akasema. "Mwombe yeye."

Yeye Semei alipita wa mwisho. Aliombewa, akatoka, na alipofika upande wa huku mkono ukarudi nyuma wenyewe, ukalishika geti kulifunga. Milly akaona. Watu waliobaki nao wakaona, wakangoja. Semei akautazama mkono wake pale ulipokuwa, kwenye mng'ao ule wa penseli na rangi ya viatu, akauondoa. Akaliacha geti wazi nyuma yake, jambo ambalo hajawahi kulifanya maishani, akaenda kusimama kando ya mkewe ili watu wanaotoka wawaone wote wawili.